Zafarani Apumzishwe

Kama kuna kitu kilichokuwa kikimtibua nyongo Faudhia, ni mtu anayemung'unya maneno. Mtu anakwambia "tutaangalia", kumbe hataki. Mwingine anakwambia "niko njiani, nafika", kumbe ndiyo kwanza anatafuta sabuni ya kuogea. Yeye Faudhia alikuwa mtu wa kusema, tena kwa sauti inayovuka ua, na majirani zake wa Kongowe, Kibaha, walishamzoea. Sasa hebu mchukue mtu wa namna hiyo, mpeleke kwenye harusi Kisarawe akiwa amemshika farasi wake, Zafarani, kamba, kisha umkutanishe na bwana harusi kama Hashiru.

"Baba, umewahi kupanda farasi?" akamuuliza.

"Mama, haya mambo yapo kwenye damu," akajibu Hashiru, huku anajitazama kwenye simu na kuweka kilemba sawa.

"Sijakuuliza habari za damu. Umewahi, hujawahi?"

"Usiwe na presha, mama. Leo ni moto tu."

Kwenye damu! Huyo wa kwenye damu akapandishwa na watu watatu, wawili wanasukuma makalio na mmoja anavuta mkono, na alipofika juu akang'ang'ania singa za shingoni kama mtoto anayenyolewa. Joho jeusi la nakshi, upanga wa kukodi kiunoni, uso umejaa jasho. Faudhia akampa masharti mawili tu: asimbane farasi tumbo kwa miguu, na asishike simu. Hashiru akaitikia yote mawili, ndiyo mama, sawa mama. Hawajafika hata kona ya kwanza, bwana harusi yuko laivu.

"Wanangu mnaniona? Mnamwona mwamba?"

Mbele yanalia matarumbeta, nyuma bodaboda za rafiki zake zinanguruma. Mmoja wao, ambaye mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye, akabana breki akakoroga mafuta mpaka ekzosi ikalipuka. Zafarani akashtuka. Faudhia alikuwa na kamba mkononi na angemtuliza, maana alishamtuliza kwenye fataki za mwaka mpya na kwenye honi za malori ya Mlandizi. Lakini Hashiru, kwa hofu, akambana mnyama wa watu tumbo kwa visigino vyote viwili na kupiga yowe juu yake. Kumbana farasi tumbo ndiyo kumwambia kimbia. Akakimbia. Kamba ikamchubua Faudhia viganja, na hatua chache baadaye mguu wa mbele wa kulia wa Zafarani ukatumbukia kwenye mtaro uliofunikwa kwa mbao zilizooza.

Umati wote ukamkimbilia bwana harusi. "Bega langu! Simu yangu iko wapi?" analia Hashiru chini, joho limemfunika kichwa. Watu wakampepea, wakamnywesha maji, wakamsomea na dua. Kwa Zafarani alibaki Faudhia peke yake. Na Faudhia alikuwa amekwisha kuusikia mlio uliotoka mle mtaroni, mlio mkavu, na hakutaka kuufikiria.

Huyu Zafarani hakuwa farasi wa kununua. Faudhia alipika miaka mingi kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Mlandizi, na mzungu alipofunga virago kurudi kwao, wenzake wote waligawiwa vitu vya maana. Huyu friji, yule cherehani, mwingine kitanda na godoro lake. Faudhia akapewa farasi jike, mwekundu wa kuelekea njano, kwa sababu eti mnyama yule alikuwa hamsikilizi mtu mwingine. Mumewe, Mwinshehe, alipomwona farasi anaingia uani, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Faudhia," akasema, "miaka yote unanikataza mimi kuoa mke wa pili, kumbe umejiwekea nafasi wewe?"

Tangu siku hiyo akawa anamwita Zafarani bi mdogo. Akilalamikia harufu, akilalamikia pumba, akilalamikia inzi, lakini hakuwahi kukaza sauti akasema auzwe. Zafarani akaanza kualikwa kwenye harusi za Kibaha, kisha za Dar, akajulikana. Watoto wa Faudhia walishakua wakaenda kwenye maisha yao, na aliyebaki wa kumsikia akigusa komeo la geti na kumwitikia alikuwa farasi. Alimpenda, basi. Aliyetaka kucheka acheke.

Na alijua jambo moja alilokuwa akilisikia kwa yule mzungu: farasi akilala akashindwa kuinuka, huyo tena huna. Kwa hiyo, siku ile, Zafarani alipotolewa mtaroni na kusimama kwa miguu mitatu, wa nne umening'inia, Faudhia aliapa kwamba atafanya kila litakalosemwa ilimradi aendelee kusimama.

Farasi alikokotwa polepole mpaka nyumbani kwa kina Hashiru, hapohapo jirani, akafungwa kwenye banda la makuti walilokuwa wakipikia pilau. Daktari wa mifugo akaja kesho yake asubuhi kwa pikipiki, kutoka Mlandizi. Anaitwa Castory, kijana mtaratibu, mtu wa bara, mpole kupita kiasi. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ng'ombe ilibidi wamsogelee wamsikie. Faudhia alimkasirikia kabla hajamaliza salamu.

Castory akachuchumaa. Akapapasa mguu kuanzia goti kushuka chini, akaubonyeza juu kidogo ya kwato, na Zafarani akatetemeka ngozi mwili mzima. Daktari akabaki amechuchumaa kwa muda. Alipoinuka hakumtazama Faudhia, alitazama masufuria. Pembeni walisimama baba yake Hashiru, Mzee Kitwana, mtu mzima wa heshima na fimbo yake, pamoja na mkewe, Bi Sikuzani.

"Mama," Castory akasema, "farasi si sawa na ng'ombe. Mguu wake ndiyo kila kitu chake."

"Najua. Umevunjika?"

"Mfupa umepata... hitilafu."

"Hitilafu? Kwani hilo jenereta, daktari?"

"Mama, mimi kwa utaalamu wangu, ningeshauri apumzishwe."

"Apumzishwe."

"Ndiyo, mama. Ndiyo njia ya huruma."

"Si ungesema tangu mwanzo! Sawa, atapumzishwa. Hapahapa, au nimrudishe Kongowe?"

"Hapahapa ni vizuri zaidi. Kumpakia kwenye gari ni kumwongezea mateso."

"Basi hapahapa."

Castory akashusha pumzi ndefu. "Nashukuru mama umelipokea vizuri. Wengine hulia."

"Nilie nini na wewe umeshanipa njia?"

Daktari akapepesa macho. Akasema harusi ilikuwa jana tu, watu wamechoka, bila shaka mama angehitaji muda wa kuzungumza na wenzake nyumbani. Atamchoma sindano ya maumivu, aache na nyingine za akiba, na kuufunga mguu mabanzi ili asiteseke kwa sasa, na mama akishaamua, ampigie simu, atakuja siku hiyohiyo. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayeongea maktaba. Faudhia akayachukua aliyoyasikia vizuri: sindano, mabanzi, kupumzishwa. Yaliyobaki akayaacha yapite.

Ikawa basi, Faudhia amekuwa mkazi wa Kisarawe. Bi Sikuzani alimpa chumba na kitanda, akamtunza kwa chai na mihogo ya kuchemsha, na kusema haki, hakuwa na ubaya. Ila watu wa nyumba ile! Mpaka leo ukimkumbusha, Faudhia hushika kichwa.

Wa kwanza ni Hashiru mwenyewe. Bega lilikuwa limeteguka tu, likarudishwa, mkono ukatundikwa shingoni kwa kitambaa. Lakini kila asubuhi, Faudhia anapommwagia Zafarani maji ya baridi mguuni, bwana harusi anakuja kukaa kwenye kigoda na kuguna.

"Mama, mimi naona limevimba upande huu."

"Mwenzako ana mguu umevimba mpaka gotini na hajaguna hata mara moja. Inuka hapo, nataka kupita."

Halafu washauri. Huyu analeta mafuta ya nyonyo, yule anasema achuliwe kwa majivu ya moto. Mwingine ana chupa ya mafuta ambayo eti ni ya simba, ukiyanusa ni mafuta ya taa. Kijana wa bodaboda akauliza kama mguu hauwezi kuchomelewa. Faudhia aliwafukuza wote kwa ufagio.

Lakini waliomchosha hasa ni kina mama. Walikuja kwa makundi, kanga juu ya kichwa, wakatandika mkeka mbele ya banda, wakakaa miguu wameinyoosha na viganja mashavuni. Wanamtazama farasi, wanatazamana, wanashusha pumzi.

"Pole, mwaya."

"Nishapoa."

"Ndiyo mipango ya Mungu."

"Mipango gani? Jamani, mnyama huyu hapa, anakula! Mnakaa mkeka kama msibani, mnataka nini?"

 Mmoja anamshika mkono na kuubonyeza. Wanaacha uji kwenye chupa ya chai, wanaondoka. Faudhia anabaki anafura. Watu gani hawa, mtu kaumwa tu mguu, wao wamekwisha kumlilia?

Na Mzee Kitwana ndiye wa mwisho. Siku moja Faudhia akatoka nyuma ya nyumba akakuta vijana wanachimba shimo, shimo la kuingia gari. Mzee amesimama ukingoni na fimbo.

"Shikamoo, mzee. Shimo la nini tena hili?"

"Marahaba, binti yangu." Mzee akakohoa. "La takataka."

"Takataka gani zote hizo? Mnazika lori?"

"Ndiyo mambo ya nyumbani, binti yangu. Huwezi kujua."

Haya. Kama ni la takataka, Faudhia akawa kila asubuhi anazoa samadi ya Zafarani anaimwaga mle. Na kila jioni, bila kusema lolote, Mzee Kitwana anawaambia vijana waitoe. Wakaenda hivyo, asubuhi samadi inaingia, jioni samadi inatoka, mpaka Faudhia akamfuata mzee barazani.

"Mzee wangu, hili shimo ni la takataka au si la takataka?"

"Binti yangu," Mzee Kitwana akasema taratibu, macho kwenye fimbo, "mimi ningekuomba tusimchoshe sana yule mnyama. Daktari alishasema."

"Ndiyo ninavyofanya, alivyosema daktari!"

"Unafanya?"

"Sasa hiki unachokiona ni nini, mzee?"

Mzee Kitwana akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kuku. Faudhia akaondoka pale anaongea peke yake.

Sindano zilipoisha alimpigia simu Castory.

"Mama, umeshaamua?" ndilo la kwanza alilouliza.

"Niamue mara ngapi, daktari? Si nilikubali mbele yako?"

 "Basi, mama, nitatuma sindano nyingine. Pole sana."

Pole tena! Faudhia akakata simu kabla hajatukana.

Alichokiona ni kwamba Zafarani anapungua. Mifupa ya nyonga imetoka, manyoya yamepauka, na majani ya Kisarawe anayanusa anayaacha. Akakumbuka majani makavu mazuri ya wafugaji wa Magindu, aliyokuwa akiyanunua zamani, akasafiri kwenda kuyafuata. Kule akamkuta mfugaji mmoja mzee, mrefu, amejifunga shuka, akamweleza shida yake wakati marobota yanapakiwa kwenye gari. Mzee yule akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umevunjika juu ya kwato?"

"Umepata hitilafu."

"Anaukanyagia?"

"Hajaukanyagia bado. Anapumzika."

"Mama, huyo anaumia," mzee akasema. "Mmalize."

Uwiii! Faudhia aliwaka. Akamwambia yeye amekuja kutafuta majani, hakuja kutafuta bucha. Akamwambia watu wa aina yake wamezoea kumtazama mnyama wakaona nyama. Akamwambia na mengine ambayo si ya kurudiwa. Mfugaji akamwacha amalize, kisha akarusha robota la mwisho kwenye gari na kurudi kwa ng'ombe zake.

Wakati wa kurudi alipita nyumbani Kongowe kuchukua nguo. Mwinshehe alikuwa amefagia banda tupu la farasi, likang'aa, hata sijui alilifagia kwa ajili ya nani.

"Bi mdogo anaendeleaje?"

"Anapumzika."

"Anapona lakini?"

"Mwinshehe, nimetoka kuulizwa maswali tangu Magindu. Anapumzika, nimesema."

 Mwinshehe akaingia ndani, akatoka na kipande cha sukari guru amekifunga kwenye gazeti. "Mpe. Usimwambie kimetoka kwangu, atanizoea."

Zafarani aliilamba sukari guru yote kiganjani mwa Faudhia, na siku ile Faudhia alikuwa na furaha, akawasalimu hata kina mama wa mkeka. Majani ya Magindu nayo aliyagusa. Ikaja asubuhi nyingine. Faudhia akaenda bandani na ndoo ya maji kama kawaida, akakuta Zafarani amelala chini.

"Inuka, mama. Inuka."

Zafarani akajaribu. Akanyoosha mguu wa mbele wa kushoto, ule mzima, akauweka chini, ukatetemeka, akaurudisha. Akajaribu tena. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Faudhia akadondosha ndoo, akapiga kelele, nyumba nzima ikatoka. Wakasukuma, wakavuta, hata Hashiru akasukuma kwa mkono wake mmoja. Haikuwezekana. Faudhia akampigia Castory na kumwambia aje sasa hivi, aache chochote anachofanya.

Castory alikuja. Safari hii hakuanza na mguu uliovunjika, alianza na ule wa pili, uliokuwa umebeba uzito wote tangu siku ya harusi. Akaugusa kwato, akatoa mkono haraka, maana ulikuwa wa moto.

"Na huu nao umekwisha," akasema.

"Umekwisha vipi?" Sauti ya Faudhia ilivuka ua mpaka barabarani. "Umekwisha vipi, daktari? Nimefuata kila ulichosema! Ulisema apumzishwe, nimempumzisha! Hajapiga hatua, hajabeba mtu, hajabeba hata ndoo! Nimemmwagia maji, nimemtafutia majani mpaka Magindu! Ulisema apumzishwe!"

Castory akainua uso, akamtazama. 

"Mama," akasema, "ulinielewa kwamba nimesema apumzike?"

"Ulisema apumzishwe!"

"Ndiyo, mama. Apumzishwe."

 Bi Sikuzani akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mzee Kitwana akainamisha kichwa, akaanza kuchorachora ardhi kwa fimbo. Faudhia akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akaukumbuka mkeka. Akalikumbuka shimo, na samadi yake ikitolewa kila jioni kwa adabu. 

"Sema," akamwambia Castory.

"Mama, mimi nilidhani..."

"Usiniite mama! Sema neno lenyewe, kama linavyosemwa!"

"Auawe." Kijana wa watu alikuwa analia. "Nilisema auawe. Mfupa ulikuwa umepasuka vipande, na pale hauungi. Ni farasi, hawezi kulala kitandani akasubiri. Uliponiambia umekubali nikajua umekubali. Halafu ukawa huniiti nije, nikajua moyo umekukatalia, nikasema nikupe muda."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Faudhia akamgeukia Mzee Kitwana. "Na wewe, mzee wangu, ulijua?"

"Tulijua sote, binti yangu. Tulidhani na wewe unajua. Sasa nani angekuja kukwambia? Wewe ni mgeni wetu, umeumizwa kwenye harusi yetu. Mtu haambiwi jambo kama lile usoni."

"Haambiwi! Kwa hiyo mkachimba shimo!"

"Tukachimba shimo," mzee akakubali.

Lo! Yalimjaa maneno kifuani, ya kumtosha kila mtu pale uani, na mwenye kupewa mengi zaidi alikuwa Castory na adabu yake ya kunong'ona. Akamnyooshea kidole, na kidole kikabaki hewani. Kwa sababu mama yake mzazi alipofariki, ni nani aliyekaa na simu kuwapigia ndugu? Ni yeye. Aliwaambia nini? "Mama atapumzishwa alasiri." Hakuna ndugu hata mmoja aliyemuuliza atapumzishwa mpaka lini. Neno alilijua. Alilijua vizuri kuliko huyu kijana wa bara. Aliusikia mlio wa mtaroni kwa masikio yake, na yule mfugaji wa Magindu alimwambia kwa neno moja lisilo na kona, naye akamtukana kwa sababu alimwambia. Kati ya maana mbili alichukua ile iliyomfurahisha yeye, na siku zote hizo Zafarani alisimama nayo kwa miguu mitatu. Aibu ilimchoma Faudhia kuliko uchungu.

"Dawa unayo?" akauliza.

"Ninayo. Natembea nayo kwenye begi kila siku."

"Ifanye sasa."

"Labda uingie ndani kidogo na Bi Sikuzani, sisi huku..."

"Atamsikiliza nani hapa? Wewe?" Faudhia akakaa chini kwenye majani, akakipakata kichwa cha Zafarani. Kilikuwa kizito, na pumzi yake ilikuwa ya moto na ya harakaharaka. Akamkuna pale katikati ya macho alipopapenda.

Castory akapiga magoti na sindano.  "Uko tayari?"

"Siko tayari. Mchome."

Ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Faudhia akaendelea kumkuna na kumsemesha, akamwambia mambo ya ovyo tu, habari za banda lililofagiwa, habari za Mwinshehe na sukari guru yake. Zafarani akaelekeza sikio moja kwake, kama alivyozoea. Ya pili ilipoingia, sikio lile likalala taratibu, na uzito wote wa kichwa ukamwangukia Faudhia mapajani. Castory akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa.

Kina mama walikuwa wamekwisha kufika, hata sijui nani aliwaita. Safari hii Faudhia hakuwafukuza. Walikaa naye chini kwenye majani, bila mkeka, na Hashiru akachukua kanga ya mama yake akamfunika farasi macho.

Simu ya Faudhia ikawa inaita. Ilikuwa imeachwa juu ya kigoda, na aliyekuwa karibu nayo ni Mzee Kitwana. Akaipokea kwa heshima zake zote.

"Naam... Ndiyo, baba, ndiye mimi... Tunashukuru Mungu... Eh, hali yake si nzuri sana, baba. Si nzuri. Wewe fanya utaratibu, njoo tu huku..."

"Mzee, lete hiyo simu," Faudhia akasema.

"Binti yangu, mwache aje kwanza, aambiwe akiwa amekaa..."

"Lete simu!"

Mzee akaileta. Faudhia akaipokea kwa mkono ulionuka dawa.

"Mwinshehe."

"Faudhia? Mbona mzee ananiambia njoo tu? Kuna nini huko?"

"Zafarani amekufa. Nimemuua sasa hivi. Ilitakiwa nimuue siku ile ya kwanza, sikutaka kuelewa."

 Kule Kongowe jogoo aliwika, na Faudhia akamsikia mumewe anavuta kamasi.

"Faudhia," sauti ikaja, imepasuka, "ndivyo mtu anavyoambiwa hivyo?"

Faudhia akataka kumjibu. Akatafuta neno jingine la kumpa, lililo laini kidogo, akaliona liko pale karibu kabisa mdomoni, akalikataa. Akaiweka simu chini bila kuikata, akainama juu ya Zafarani, akalia kwa sauti, na Mwinshehe akamsikiliza kutoka Kibaha.